Fomu ya Mkalimani

Karani alinipigia kabla sijanywa chai:
"Bi Mbeyu, njoo Mahakama Kuu, hapa Malindi,
kuna mgeni haramu, lugha yake haishikiki."
Kazi yangu ni Kigiriama, na Kisomali kidogo
nilichookota Garissa, baba akilinda bohari la mahindi.

Kizimbani kijana, ndala mguu mmoja,
shati la dereva wa tuktuk
ambalo halijavuliwa siku kumi na moja.
Jina: Lali Bwanaheri.
Kosa: taa ya nyuma haiwaki.
Hilo lilikuwa kosa la Daraja la Sabaki, saa mbili kasoro usiku.
Kosa la pili lilizaliwa palepale,
mkono wake ungali kwenye usukani:
kipande kiko wapi?

Akatoa karatasi ya kusubiri kipande,
imekunjwa mara nane,
ameisubiri tangu amalize kidato cha nne.
Askari akaimulika tochi upande usioandikwa kitu.
"Hebu sema neno."
Akasema.
Na kitabu cha kituo kikapokea, kwa wino mwekundu:
Anazungumza lugha ya ng'ambo.

Katiba imehesabu saa ishirini na nne.
Saa ya kituoni imesimama saa tisa na robo.
Watu wa uhamiaji wako Mombasa,
faili liko njiani,
mwenye muhuri yuko likizo,
kesho sikukuu, keshokutwa Jumamosi.

Wakili Nzingo hakupaza sauti.
"Mheshimiwa, taa ina faini yake, na italipwa.
Nionyeshwe tu kifungu kinachosema
balbu ikiungua, uraia nao umeungua."
Wa upande wa serikali akapangusa miwani:
"Athibitishe yeye kwamba ni wa hapa."
"La. Aliyefunga mlango ndiye athibitishe."

Benchi la nyuma, mama mtu,
ameshika kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa sukari.
Mende wamekula nusu ya jina;
limebaki Lal, na muhuri wa chanjo ya surua.

"Mkalimani," jaji akasema, "muulize alizaliwa wapi."
Nikamuuliza kwa Kisomali.
Akanitazama kama aliyerudishiwa chenji ya nchi nyingine.
Nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Nimezawa Siyu," akajibu,
"ndia ya kwendea ngomeni.
Nti hini ndiyo niiyuayo.
Nyingine siiyui."

Kalamu ya karani juu, inangoja.
Nami nitafsiri nini?
Nti ni nchi. Ndia ni njia.
Shuleni tulichapwa kwa kutoyajua maneno haya:
yalikuwa ndani ya tenzi, yalikuja kwenye mtihani,
tuliambiwa ndiyo Kiswahili chenyewe.

"Mheshimiwa," nikasema, "amesema Kiswahili."
"Nimemsikia," akasema jaji.
"Nilitaka iandikwe."

Aliachiliwa saa sita na dakika ishirini.
Uamuzi ulikuwa kurasa nne, na neno kinyume
nililihesabu mara saba: kinyume cha sheria,
kinyume cha Katiba, kinyume cha utu.
Mama hakulia. Aliuliza ile ndala ya pili iko wapi.
Tuktuk wameishikilia bado;
wanadai ada ya maegesho, kwa siku kumi na moja.
Na kipande? Kipande bado.
Sasa anatembea na kurasa nne ndani ya karatasi ya nailoni,
kwa sababu darajani, usiku, ni askari walewale.

Mimi nikashuka ofisi ya mhasibu
kudai posho yangu na nauli, mia na hamsini.
Fomu ina nafasi mbili.
Kutoka lugha: Kiswahili.
Kwenda lugha: Kiswahili.

Mhasibu akaisoma, akanisukumia chini ya kioo.
"Bi Mbeyu, hii ina kosa.
Nenda karekebishe."